Barua kwa mwanangu: wiki tatu kabla ya kufunga skuli

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mvua za vuli zinakuja na kuondoka, na kila zikikatika tunakimbilia kuanika karafuu. Majamvi yamejaa uani mpaka mlangoni. Babaako anakusalimu sana.

Juzi uliponipigia simu ulinambia mtihani wa darasa lako la pili umeshakwisha, watoto wamelegea, wengine hawaji, nawe umebaki kujaza ripoti na kuhesabu siku. Nilikusikia umechoka. Mwaka wa kwanza wa ualimu unachosha, tena katika skuli ya mikondo miwili, wengine asubuhi na wengine mchana katika darasa lile lile, ambapo ukitundika kitu ukutani huna hakika kesho utakikuta. Pumzika usiku, mwanangu. Lakini hizo wiki tatu zilizobaki usiziache zipite hivi hivi. Nakuomba kwa sababu mimi niliziacha.

Kuna mtoto nilimsomesha la pili. Jina lake silitaji, maana watu wake wapo hapa hapa. Alikuwa na sauti nzuri na akili ya kuhifadhi. Chuoni, kwenye Kurani, walikuwa wakimsifu. Kitabu chetu cha Kiswahili alikisoma bila kukwama, kidole kikitembea chini ya maneno, nami nikampa alama nzuri. Mwisho wa mwaka, nilipokuwa nakusanya vitabu, nilimfungulia ukurasa wa kati nikamwonyesha neno moja tu. Akanyamaza, kisha akaanza kusoma tangu juu ya ukurasa mpaka akafika pale penye kidole changu. Alikuwa amekihifadhi kitabu kizima kwa masikio, kama alivyohifadhi sura zake chuoni. Neno likiwa peke yake hakulijua.

Nililigundua hilo skuli ikiwa na siku nane mbele, na hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Nilikuwa na daftari la mahudhurio la kukamilisha na ripoti chungu nzima. Nikasema mwalimu wa la tatu atamwona. Kwenye ripoti yake nikaandika "aongeze bidii".

Wakati ule sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilikuwa imeshaleta Hesabati na Sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto asiyeweza kusoma neno "mbegu" kwa lugha ya mamaake, ataielewa vipi kwa lugha ya kigeni? Alifika la tano, msimu wa karafuu ukaingia, akaenda kuchuma, hakurudi. Baada ya miaka nikamkuta kwenye kituo cha kuuzia karafuu, kijana mwenye ndevu. Akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo mwalimu", kisha akanipa stakabadhi yake nimsomee. Nikamsomea kilo zake na fedha zake. Akanishukuru mno. Nilirudi nyumbani sikuweza kula.

Sasa wewe mtihani umeshapita, hakuna wa kukukimbiza na mada, na darasa limepungua. Mwaka mzima hukuwa na nafasi kama hiyo ya kukaa na mtoto mmoja mmoja. Kata karatasi, toboa tundu la ukubwa wa neno, iweke juu ya ukurasa na uisogeze kutoka chini kwenda juu. Anayesoma kwa kuhifadhi utamjua pale pale. Usimwite mbele ya wenzake. Mwambie akusaidie kufuta ubao, wengine wakitoka kucheza yeye abaki nawe. Watoto wanaoficha jambo hili wanaficha kwa aibu, na ukiwaaibisha unawapoteza.

Wengi utaona wamekwama mahali pamoja. "Ba be bi bo bu" wanazijua, kinachowashinda ni herufi zinapogandana: mbwa, nywele, ng'ombe. Mpe "ngoma" na "ng'ombe" pamoja, ayaseme kwa sauti, asikie tofauti kabla hujamwandikia. Kisha aandike kwa kidole mchangani. Silabi mbili kwa siku zinatosha. Usimshibishe.

Wasiokuja, waulizie. Wa huku kwetu wako mikarafuuni na wazee wao, na pishi wanazochuma ndizo zitakazowanunulia sare za Januari, kwa hiyo kugomba hakusaidii. Wa kwenu mjini wapo waliobakishwa nyumbani kulea wadogo zao. Nenda mwenyewe kama ni karibu.

Na ripoti, mwanangu, usiandike "aongeze bidii". Andika silabi asizozijua, kisha mwite mzazi umwambie kwa mdomo. Bibi yako alikuwa ameshaolewa elimu bila malipo ilipotangazwa 23 Septemba 1964, hakuwahi kukaa darasani. Ripoti zangu zote alizitia kwenye kasha pamoja na kanga zake, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyemweleza zilisema nini. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea, na palipokuwa pabaya niliparuka.

Nimekukatia karatasi kumi na mbili zenye matundu, kubwa na ndogo, nimezitia ndani ya daftari lenye ganda la kijani. Zitakuja na boti ya Jumamosi pamoja na kapu la maembe. Mjomba wako atakwenda kulichukua bandarini. Ukishazipata nipigie, uniambie umeanza na mtoto gani na amekwama wapi.

Mamaako