Kwa Nyamizi, kabla hujasaini

Shoga yangu Nyamizi,

Salamu nyingi sana. Za Mwanza? Za shangazi na mguu wake? Watoto wa Mama Kulwa hawajambo? Huku mimi mzima, ni joto tu na asaimenti. Kimya hiki tumekijenga wote wawili, kwa hiyo tusilaumiane, tuendelee.

Kilichonifanya niandike ni Dotto. Juzi alipita hosteli kuniletea ule mchele, na hata maji hajanywa akaanza kumwaga habari zako. Kwamba yule Mkongo mrefu amebeba magunia ya dagaa kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya mdomo kwamba atalipa akishauza, akaondoka nayo, na sasa simu inaita tu. Kwamba mtaji umekatika. Na kwamba kuna watu wamekuletea fomu hadi nyumbani, laki tano mkononi siku hiyo hiyo, dhamana friji na makochi. Dotto aliisimulia kama habari njema! Nyamizi, umeshasaini? Kama bado, naomba usisaini mpaka ufike mwisho wa barua hii. Kama tayari, soma hivyo hivyo, humu ndani kuna kipande chako pia. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu unanikatiza kwa kicheko, na hili si la kucheka.

Tuanze na hesabu. Dotto anasema unachukua 500,000 na unarudisha 20,000 kila siku kwa siku 30. Jumla 600,000. Kijana wa fomu atakuwa amekwambia riba ni asilimia 20, na ukiangalia harakaharaka ni kweli. Lakini hiyo laki tano hukai nayo mwezi mzima. Kesho yake tu umeanza kuirudisha, na katikati ya mwezi laki tatu zimeshatoka mkononi mwako. Ukipiga wastani, mwezi huo umefanyia kazi kama nusu ya fedha, ila laki yao ya juu iko palepale. Laki moja kwa laki mbili na nusu: hiyo inakimbilia asilimia 40, kwa mwezi mmoja. Watu hawakukosea kuiita kausha damu.

Hata hivyo riba si ndiyo iliyoninyima usingizi. Ni kalenda. Mwaka wa kwanza tulipofundishwa mtiririko wa fedha niliona ni mambo ya kujaza jedwali na kupata alama. Mwalimu wetu, yule wa kaunda suti, alikuwa akirudia kwamba biashara inaweza kufa huku daftari linaonyesha faida, sisi tunanakili bila kuwaza. Sasa nikaichukua biashara yako nikaipanga kwenye lile jedwali. Giza likiingia, zile siku mwezi hauonekani, mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanajaa mwaloni pale mitumbwi inaposhusha, bei inashuka, wewe unanunua. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala, bei inapanda, wewe unakaa. Mzigo ukishakauka unausubiri ujae lori, lori linakuja huku Dar zaidi ya kilomita 1,000, yule wa Buguruni anauza taratibu ndipo anakutumia hela vipande vipande. Fedha yako inatoka kwa mkupuo na kurudi baada ya wiki kadhaa. Mkopo unataka elfu ishirini kila jioni, mbalamwezi au giza. Utazitoa wapi wiki ya kwanza? Utazitoa kwenye ule ule mkopo. Yaani unakopa kwao ili uwalipe wao, na ikinyesha mvua dagaa wakaozea mchangani, basi hata sijui tuseme nini.

Mkopo wa namna hiyo labda unamfaa anayeuza chapati, maana ananunua unga alfajiri na jioni ana hela. Na hapa ndipo kipande chako kama umeshasaini: usiipeleke fedha hiyo kwenye magunia ya jumla. Igeuze rejareja. Nunua kidogo, kaa pale barazani kwa shangazi upime kwa kopo la sado, mkia wa deni uukate kila jioni. Faida itakuwa nyembamba na utachoka, lakini friji litabaki ndani.

Mbona najiona naongea kama mhadhiri. Nicheke sasa, ruksa. Wewe ndiye uliyesema tukiwa kidato cha sita, siku ile ya matokeo, kwamba ninaenda chuo kusomea kitu ambacho shangazi yako anakifanya na kandambili miguuni. Nakumbuka nilinuna. Miaka hii mitatu nimekuwa nikikujibu kichwani, na majibu yanabadilika kila semista.

Kuna siku nakubaliana na wewe kabisa. Kwa mfano projekti ya ujasiriamali. Tulipangwa makundi, kila kundi lianzishe kampuni. Letu likachagua juisi ya ukwaju na nanasi. Kikao cha kwanza kiliisha tukiwa na mkurugenzi mtendaji, mkurugenzi wa masoko, wa fedha, wa rasilimali watu, na nembo imechorwa kwenye simu, inang'aa. Wa kumenya nanasi hakuna. Siku ya kuuza mimi na dada mmoja wa Kigoma tulikesha kumenya, wakurugenzi wakaja saa nne asubuhi kupiga picha. Na jina la kila mmoja limo kwenye ripoti! Wiki hiyo hiyo darasani tulikuwa kwa Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, aliyetoa kanuni zake 14 za uongozi mwaka 1916 akiwa mzee wa miaka sabini na kitu (mwambie shangazi bado ana muda wa kuandika zake). Kanuni mojawapo ni kwamba mfanyakazi awe na bosi mmoja tu wa kumpa amri. Sisi tulikuwa na mabosi wengi na wafanyakazi wawili. Juisi yenyewe iliisha, lakini kwa sababu jua lilikuwa kali, si kwa sababu ya mkurugenzi wa masoko.

Halafu kuna andiko la biashara. Hilo ndilo linanikera hasa. Unatakiwa uonyeshe mauzo ya miaka mitano. Nani anajua miaka mitano? Basi darasa zima tunafungua ekseli, tunaandika mwaka wa kwanza milioni kadhaa, kisha tunaongeza asilimia 10 kila mwaka mpaka chini. Msahihishaji anaangalia kama jumla zimelingana. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa ule mwaka wa kwanza ameutoa wapi.

Lakini mwaka huu wa tatu kuna somo limenigeuza. Kuna mama mmoja, Saras Sarasvathy, msomi mwenye asili ya India anayefundisha Marekani. Aliwachukua wajasiriamali wazoefu 27, akawapa tatizo la kuanzisha biashara na kuwaambia wafikiri kwa sauti, yeye anarekodi. Makala yake ilitoka mwaka 2001. Alichokiona ni kwamba wazoefu hawaanzi kama vitabu vinavyotaka. Anatoa mfano wa mpishi: mmoja anapewa menyu ndipo aende sokoni kutafuta viungo, mwingine anafungua kabati, anaangalia kilichopo, anapika kinachowezekana. Wazoefu wengi ni yule wa pili. Wanaanza na walichonacho, wanaojuana nao na wanachokijua. Tena hawaulizi sana nitapata faida gani, wanauliza kwanza: nikipoteza hiki chote, nitasimama?

Nyamizi, nilipofika hapo nikamwona shangazi yako. Namwona kabisa, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, daftari la kaunta pajani, peni imefungwa kwa uzi. Mtu mgeni anataka magunia kumi, anamwambia chukua mawili ukirudi tutaongea. Na hampi mtu mzigo kama hajui nyumba yake inaangalia upande gani. Sisi tulikuwa tunamwona mwoga. Kumbe kila mzigo anaoutoa ameshaukadiria kama umepotea, na bado kesho yake anakwenda mwaloni. Sijui wewe yule Mkongo ulimpa mangapi, Dotto hakusema na mimi sikuuliza. Lakini nadhani ulitoa kwa hesabu ya faida. Shangazi angetoa kwa hesabu nyingine.

Ila na shangazi naye tusimfanye mtakatifu. Lile daftari lake halina tarehe! Limejaa "Mkongo mrefu 4", "mama wa kilemba 2", "yule wa Buguruni bado". Yeye anakumbuka, kichwa chake ndiyo kalenda. Akiumwa wiki mbili kama alivyoumwa, nani anajua deni lipi ni la mwezi huu na lipi limeoza? Hiki sasa ndicho nilichokipata chuoni na sirudishi: kupanga madeni kwa umri. La chini ya siku 30 huku, la kati ya 30 na 60 huku, la kati ya 60 na 90 huku, la zaidi ya 90 unalihesabu limekufa na ukilipwa unashukuru Mungu. Jioni moja tu na rula. Ukifanya hivyo naamini utakuta huko kwa watu kuna zaidi ya laki tano, na kuzifuata ni nauli na maneno tu, bila riba.

Ndiyo ombi langu lenyewe. Natakiwa kuandika utafiti wa kumalizia shahada na msimamizi amenirudishia mada mara nyingi, eti ni za kila mtu. Nataka kuandika mali kauli katika biashara ya dagaa hapo kwenu Kirumba, Mwanza: nani anapewa, anapewaje, nani anarudisha, na mwenye mtaji anajuaje. Kwenye slaidi zetu wadaiwa wapo, ni mstari mmoja kwenye mizania, lakini hakuna anayetueleza shangazi anamsomaje mtu usoni. Nimemtajia msimamizi akaweka miwani kichwani akasema, "Hii lete." Kwa hiyo nahitaji daftari. Piga picha kurasa unitumie WhatsApp, majina nitayafuta yote, hata Mkongo atakuwa "mteja A" ingawa hastahili heshima hiyo. Na likizo nikija nikae na shangazi asubuhi mbili tatu nimuulize maswali, kama atanivumilia.

Kuhusu mtaji: ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, imerudi tangu 2024 baada ya kusimamishwa 2023. Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, kama mfumo wa mpira. Haina riba, ila inataka kikundi kilichosajiliwa, na haitoki wiki moja, nisikudanganye. Ninyi si mna kile kikundi chenu cha Ijumaa cha kina Mama Kulwa? Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kwa sasa waombe wavuvi wawili wanaomfahamu shangazi wakupe ndoo kadhaa, uwalipe mzigo ukiuzika. Wewe umewapa watu kwa kauli miaka yote, nawe sasa uombe.

Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka nitakurushia kidogo, usikatae. Halijatoka. Nakula ule mchele wako na maharage ya jirani.

Sasa nijibu. Umesaini au hujasaini? Mkongo ana ndugu au mwenyeji hapo Mwanza, au anafikia gesti ileile? Namba yake umejaribu kuipiga kwa simu ya mtu mwingine? Shangazi anajua habari hii au mmemficha? Giza la mwezi huu limeanza lini, na bei ya sado sasa ikoje? Yule wa Buguruni ni wa upande gani wa soko, nikamwone mwenyewe Jumamosi? Kaka yako bado anataka kuuza ile pikipiki? Na wewe, unalala?

Nisalimie wote, shangazi mpe shikamoo yangu kabla hujamwomba daftari.

Shoga yako wa mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu),
Zuhura

N.B. Dotto amesahau chaja yake hapa. Mwambie nimeiweka rehani mpaka picha za daftari zifike.