Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama wa Reli: pimeni umbali wa kando kabla ya kimo

Ndugu Mkurugenzi,

Mtu akiomba ruhusa ya kupiga picha za treni kwa droni, huulizwa kwanza itapaa juu kiasi gani, kisha ina uzito gani. Maswali hayo yamerithiwa kwa walinzi wa anga, ambao hofu yao ni kitu kinachopanda hadi kwenye njia za ndege za abiria. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa mita 120 na Marekani futi 400. Reli ina hofu nyingine: kitu kinachoshuka. Droni ya gramu 249 inayoelea mita 30 juu ya njia imetimiza masharti yote ya kimo na uzito, na bado imekaa mahali pabaya kuliko ya kilo moja iliyo mita 60 kando.

Tunaomba masharti ya reli yaanzie kwenye umbali wa kando, yaani kutoka reli ya mwisho au nguzo ya umeme hadi chini ya droni ilipo. Kipimo tunachopendekeza ni chepesi kukumbuka: umbali wa kando usiwe mdogo kuliko kimo, na hata droni ikiwa chini sana usipungue mita 30.

Hesabu yake ni hii. Kitu kizito kikidondoka kutoka mita 50 hufika chini kwa sekunde 3.2. Droni ndogo huzuiwa na hewa, hivyo tuchukue sekunde 5. Upepo wa mita 8 kwa sekunde, ambao tayari ni mkali kwa droni hizi, hauwezi kuisukuma zaidi ya mita 40 kwa muda huo. Iliyokuwa mita 50 kando itaanguka majanini hata kama upepo wote ulikuwa unaelekea relini.

Wengine wamekwisha kupita njia hii. Ujerumani huanza na mita 100 kando ya reli, na kusogea karibu zaidi kuna masharti yake. Japani inataka mita 30 kutoka kwa watu na mali. Mwongozo wa Uingereza unataja mita 50 kutoka kwa watu, wakiwamo waliomo ndani ya treni, ila umezisamehe droni zilizo chini ya gramu 250. Msamaha huo sisi hatuuombi. Dereva akiona kitu mbele ya kioo chake hana namna ya kujua kwamba ni plastiki ya gramu 249. Atafunga breki ya dharura, na treni nzito ya mizigo inaweza kuhitaji kilomita nzima au zaidi kusimama, tena magurudumu yakijikwaruza bapa. Kwa hiyo ongezeni na hili: hakuna kukatiza mbele ya treni, na hakuna kuikabili uso kwa uso kwenye usawa wa macho ya dereva.

Msidhani tunajinyima picha. Kamera ikitazama chini wima huona mapaa ya mabehewa tu. Magurudumu hayapo, uso wa kichwa cha treni haupo, na treni ya mita 500 inabaki kuwa mstari wa kijivu. Ukikaa mita 50 kando na mita 50 juu, kamera inainama nyuzi 45 na kupata ubavu, paa na mkunjo wa njia kwa pamoja. Mataruma nayo, yaani mihimili inayolala chini ya reli, hucheza mchezo wao. Hupangwa kila sentimita 60 hivi, kwa hiyo droni inayofuata njia kutoka juu kwa mita 15 kwa sekunde hupita mataruma 25 kila sekunde. Kamera ya fremu 25 kwa sekunde itakuta kila taruma limekalia nafasi ya lililotangulia. Kwenye video, njia itaonekana imesimama huku nyasi zikikimbia. Kasi ikipungua kidogo, mataruma yataonekana kwenda upande usio wao. Hakuna programu ya kuhariri itakayoliondoa hilo vizuri. Kokoto nazo huivuruga video iliyobanwa sana na kugeuka uji, kwa hiyo wapigaji huongeza kiwango cha data hadi megabiti 100 kwa sekunde ikiwa droni inaruhusu.

Kukimbizana na treni hakuna faida pia. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde, na droni nyingi ndogo hufikia mita 16 hivi, tena katika hali ya kasi ambayo mara nyingi huzima vihisi vya kukwepa vikwazo. Bora ielee mahali pamoja na kugeuza kamera taratibu. Treni ya mita 500 kwa kasi hiyo hupita kwa sekunde 23, na hizo ni nyingi kwa video yoyote. Kwa fremu 25 shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, huwekwa 1/50 ya sekunde. Kwenye jua kali, kwa lenzi ya f/2.8 na ISO 100, mwanga ungedai 1/3200, kwa hiyo filta ya ND64, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 64, hufungwa kabla ya kupaa. Asiyeifunga ardhini hujikuta akihangaika na menyu droni ikiwa hewani, macho yake yakiwa kwenye skrini.

Sasa tuje kwenye mipangilio, ambayo fomu za maombi hazigusi kabisa. Ajali nyingi za aina hii hupangwa chini, dakika kumi kabla.

Droni ikipoteza mawimbi ya rimoti hufanya moja kati ya mambo matatu: huelea, hutua ilipo, au hurudi ilikopaa. Karibu na reli, kutua ilipo kupigwe marufuku. Kurudi ndiyo chaguo sahihi, lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni upande: mrushaji aliyesimama kusini mwa njia na kuvusha droni kaskazini ameiagiza ivuke reli yenyewe mawimbi yakikatika. Kupaa na kupiga picha kuwe upande mmoja. Mtego wa pili ni kimo cha kurudi, ambacho huhesabiwa kutoka mahali ilipopaa. Ukipaa bondeni, mita 30 chini ya daraja la reli, kimo cha kurudi cha mita 40 kinaiacha mita 10 tu juu ya sakafu ya daraja, na nguzo za umeme peke yake huinuka mita 7 au 8. Hapo kiwekwe 70. Isitoshe, baadhi ya aina zikiwa karibu sana na zilipopaa hutua moja kwa moja bila kupanda kwanza, kwa hiyo mahali pa kupaa pasiwe ukingoni mwa tuta la reli.

Betri ina tabia yake. Ikifika kiwango cha hatari, karibu asilimia 10 kwa aina nyingi, droni huanza kushuka pale pale ilipo, mrushaji atake asitake. Inayofika huko ni mara nyingi ile iliyorushwa mapema kungoja treni iliyochelewa. Dawa yake ni kungoja ardhini, kupaa treni ikisikika au kivuko cha barabara na reli kikifungwa, na kurudi betri ikiwa bado na asilimia 40. Baridi hupunguza uwezo wa betri, hivyo zikae mfukoni hadi wakati wa kutumika.

Vihisi vya kukwepa vikwazo visihesabiwe kuwa kinga. Waya unaogusa kishika-umeme cha treni una unene wa milimita 12 hivi, na kamera ndogo za droni haziuoni. Kibaya zaidi, droni nyingi zikiwa chini hujishikiza kwa kutazama ardhi. Ikielea mita chache juu ya treni inayotembea, itashika paa la behewa kama ndiyo ardhi na kuanza kusafiri nalo hadi nguzo ya kwanza.

Dira nayo hudanganywa na chuma na umeme. Isirekebishwe juu ya daraja la chuma, juu ya zege lenye nondo, wala kando ya reli. Kwenye njia za umeme wa mkondo mnyoofu (DC), volti 1,500 au 3,000, jambo hili ni zito zaidi kuliko kwenye kilovolti 25 za mkondo geu (AC). Kichwa cha treni cha megawati 4 kwenye volti 1,500 huvuta zaidi ya ampea 2,600. Mita 10 kutoka hapo, usumaku wake unaweza kufikia nusu ya ule wa dunia, na droni itaanza kuzunguka ikitafuta kaskazini isiyokuwepo. Mita 50 kando hauzidi sehemu moja ya ishirini. Umbali uleule, tena.

Mahali pekee ambapo picha na usalama hugombana ni kwenye treni za mvuke. Mpiga picha anataka kuwa upande unakotoka upepo, ili moshi ulale ng'ambo na treni ionekane. Lakini huo ndio upande ambao droni ikizimika itasukumwa kuelekea reli. Hatuna suluhisho la ujanja. Umbali uongezwe mara mbili, yaani kimo cha mita 40 kidai mita 80 kando, na lenzi ndefu ifanye kazi iliyobaki. Kupita juu ya bomba la moshi hakufai kwa umbali wowote, kwani hewa ya pale ni moto, inapanda kwa nguvu na imebeba cheche.

Ndege za modeli zenye mabawa zisichanganywe na droni. Ya povu yenye mabawa ya mita 1.4 na uzito wa kilo 1.2 haiwezi kusimama hewani. Chini ya kilomita 30 kwa saa hivi huanza kuanguka. Kwa hiyo inaifuata vizuri treni ya mizigo ya kilomita 60 kwa saa, jambo ambalo droni nyingi ndogo haziliwezi. Lakini kwa kasi hiyo hubeba nishati ya jouli 170 hivi, ilhali droni ya gramu 249 ikianguka kwa mita 15 kwa sekunde hubeba 28. Tunapendekeza mita 100 kando, kila mzunguko ugeukie upande usio na reli. Kamera ikifungwa puani husogeza kitovu cha uzito mbele, kwa hiyo betri irudishwe nyuma hadi kitovu kikae robo hivi ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele. Risiva, yaani kipokezi cha mawimbi kilicho ndani ya ndege, ifundishwe kuzima mota na kuinamisha bawa kidogo mawimbi yakikatika, ili ndege ishuke kwa kuzunguka badala ya kuendelea mbele. Hilo hupimwa ardhini: ondoa propela, washa, zima rimoti, tazama. Mkaguzi wenu anaweza kulishuhudia kwa dakika mbili, na tungependa alishuhudie.

Limebaki la droni iliyokwisha kuanguka njiani. Leo mwenye nayo hutazama kushoto, hutazama kulia, kisha hukimbia kuiokota, kwa sababu hajui ampigie nani. Iliyonaswa kwenye waya huvutwa kwa fimbo, na kilovolti 25 haingoji fimbo iguse. Tunaomba namba moja ya simu inayopokelewa saa zote na waongoza treni, ichapishwe kwenye kila kibali, pamoja na agizo la kusoma namba ya nguzo ya kilomita au kibao cha daraja kabla ya kupaa, si baada ya kuanguka. Mpiga simu aseme vitu vitatu: mahali, njia ipi kati ya zilizopo, na kama kitu kiko chini au kwenye waya. Aseme pia kama betri imepondwa, maana ya lithiamu inaweza kuwaka dakika kadhaa baadaye, mikononi mwa fundi wenu.

Fomu mpya inaweza kutosha ukurasa mmoja: mchoro wa mahali pa kupaa na upande wa njia, umbali wa kando, kimo cha kurudi, kitendo cha mawimbi kukatika, aina ya umeme wa njia. Rasimu yake tumeiandaa. Tukipewa njia ya pembeni isiyotumika kwa asubuhi moja, pamoja na dereva mmoja wa kuketi chumbani mwake na kutuambia anaona nini, tutairekebisha hapohapo kabla ya kuiwasilisha ofisini kwako.

Ni sisi,
Warushaji wa droni na ndege za modeli