Barua ya wazi kwa mdogo wangu uliyefika Uingereza na unataka gari

Mdogo wangu,

Nimesikia umeshaanza kuangalia magari mtandaoni, na kwamba leseni yako ya Tanzania unaiona inatosha. Inatosha kweli, ila kwa muda. Sheria ya huku inakuruhusu kuendesha kwa leseni ya nyumbani kwa miezi 12 tangu siku ulipoanza kuishi hapa. (Nazungumzia England, Scotland na Wales, Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.) Miezi hiyo haihesabiwi tangu siku utakayonunua gari, na kwenda likizo Tanga ukarudi hakuianzishi upya. Ikiisha, leseni yako haina nguvu tena barabarani, na bima iliyoegemea leseni hiyo nayo inaanguka.

Zipo nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo, na Falme za Kiarabu zimo kwa mtu aliyefanyia mtihani hukohuko. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo, na Oman pia haimo. Hata kama umeendesha Dar miaka kumi, utakaa mtihani kama kijana wa miaka 17. Ndiyo maana nakuomba mwaka huu wa kwanza usiuone kuwa mwaka wa kuendesha. Ni mwaka wa kupata leseni. Foleni ya mtihani wa barabarani katika vituo vingi ni ya miezi, na wengi hushtuka mwezi wa kumi tangu wafike, wakati nafasi ya karibu iko mwezi wa kumi na nne.

Mwezi huu huu omba DVLA, mamlaka ya leseni za udereva na magari, leseni ya muda (ya mtu anayejifunza). Kwa mtandao ni pauni 34, kwa posta pauni 43 kwa fomu D1 inayopatikana posta. Lazima uwe na kibali cha kuishi hapa angalau siku 185. Ukiomba kwa posta, pasipoti yako halisi huenda ikalazimika kusafiri na fomu na kukaa huko kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usiombe ukiwa na tiketi ya ndege mfukoni. Anwani sahihi ya tovuti huishia na gov.uk. Zipo nyingine zinazofanana nayo zinazokutoza zaidi kwa kazi ileile. Leseni ya muda haikunyang'anyi haki ya kutumia ya nyumbani ndani ya ile miezi 12. Miezi hiyo ikipita ukiwa bado hujafaulu, utaendesha ukiwa na alama nyekundu ya L mbele na nyuma, na pembeni yako mtu wa miaka 21 au zaidi mwenye leseni kamili ya miaka isiyopungua mitatu.

Mtihani wa nadharia ni pauni 23, kwa Kiingereza au Kiwelisi tu. Maswali ni 50 kwa dakika 57 na unatakiwa upate 43. Kisha kuna vipande 14 vya video ambamo unabofya unapoona hatari inaanza kujitokeza, na hapo unahitaji pointi 44 kati ya 75. Kinachowaangusha wengi ni kubofya mfululizo kwa wasiwasi, maana kompyuta ikiona unabofya ovyo inakupa sifuri kwa kipande hicho kizima. Cheti cha nadharia hudumu miaka miwili. Ukifaulu tu, weka nafasi ya mtihani wa barabarani siku hiyohiyo kwenye tovuti ya serikali kwa pauni 62, na usinunue nafasi kwa madalali wanaoziuza kwa bei ya kuruka.

Mtihani wenyewe ni kama dakika 40. Makosa madogo yanavumiliwa hadi 15, ila kosa kubwa moja linakumaliza. Dereva mzoefu wa nyumbani haanguki kwa kushindwa kulimudu gari. Anaangushwa na mazoea. Mtahini anafuata macho yako: lazima uangalie kioo cha ndani na cha pembeni kabla ya indiketa, kabla ya kupunguza mwendo na kabla ya kuhama njia, kila mara, na aone umeangalia. Kwenye kipilefti kanuni ni ileile ya nyumbani, kumpisha anayetoka kulia, ila hapa inafuatwa kikamilifu. Ukijipenyeza ili mwenzio afunge breki, mtihani umeishia hapo. Ukisita na nafasi ipo wazi, hilo nalo ni kosa. Tangu Januari 2022, mtembea kwa miguu anayesubiri kuvuka barabara unayoingia ana haki ya kupita kwanza. Mwendo ni kwa maili: mtaa wenye taa za barabarani usio na kibao chochote ni maili 30 kwa saa, na Wales ni 20 tangu Septemba 2023.

Hata ukiwa fundi wa usukani, lipia masomo machache ya mwalimu mwenye beji ya kijani dirishani (ya pinki ya pembetatu ni ya mwalimu aliye mafunzoni). Unamlipa akuonyeshe mazoea usiyoyaona mwenyewe. Na amua mapema kama utafanya kwa otomatiki au kwa gia za mkono. Ukifaulu kwa otomatiki, leseni yako itakuwa ya otomatiki tu. Ukifaulu kwa gia, unaendesha yote mawili, na magari ya gia ya bei ndogo ni mengi zaidi. Kwa mtu aliyezoea Vitz au IST, klachi inaweza kumla wiki nyingi, na wewe una saa inayokwenda. Kwa kazi yako ya kuhudumia wagonjwa majumbani, mimi ningechagua otomatiki nimalize.

Sasa bima, maana ndiyo itakayokuchagulia gari. Nyumbani mtu ananunua gari kwanza, kisha anakata bima. Huku ukifanya hivyo unaweza kukuta bima ya mwaka inazidi bei ya gari lenyewe. Andika namba za magari matatu au manne unayoyataka, uyapitishe kwenye tovuti za kulinganisha bei, ndipo uende kuyaona. Magari yamepangwa katika makundi ya bima, 1 hadi 50. Hyundai i10, Kia Picanto na Toyota Aygo yako chini. Uliza bei ya bima kubwa na ya bima ndogo pia. Mara nyingi kubwa ndiyo rahisi, kwa sababu madereva wenye ajali nyingi hukimbilia ndogo na bei yake ikapanda. Bei hushuka ukiitafuta wiki tatu hadi nne kabla ya siku ya kuanza, na hupanda ukisubiri jioni ya kuamkia siku hiyo. Kisanduku kinachorekodi mwendo wako kinaweza kuishusha zaidi, lakini kwa mwenye zamu za usiku soma masharti, maana mikataba mingine haipendi kuendesha usiku wa manane. Angalia pia kiasi utakachobeba mwenyewe ajali ikitokea: ukikiongeza bei inashuka, ila fedha hiyo iwepo kweli siku ya kuidai.

Kuna swali moja kwenye fomu ambalo kwako ni zito kuliko yote: unalitumia gari kwa nini? Chaguo la kwanza ni matembezi na mambo ya nyumbani. La pili linaongeza kwenda na kurudi kazini, sehemu moja. Wewe unazunguka nyumba hadi nyumba kuhudumia wagonjwa, na hilo ni matumizi ya kikazi, chaguo la tatu. Ukichagua la kwanza ili uokoe pauni chache, halafu ukagonga gari la mtu ukitoka kwa mgonjwa wa pili kwenda wa tatu, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa hasara yako na kukudai kile ilichomlipa mwenzio. Kupeleka vyakula kwa malipo ni bima nyingine kabisa.

Mtu akikushauri uandike shemeji kuwa dereva mkuu kwa kuwa ana rekodi ndefu, kataa. Kumweka shemeji kama dereva wa ziada ni halali, na kunaweza kushusha bei. Kumdanganyia ukuu ni ulaghai. Kataa pia bima ya bei ya ajabu inayouzwa na mtu wa WhatsApp, hata akiwa Mswahili mwenzetu. Kazi ya matapeli hao ni kukata bima kwa taarifa za uongo, kukutumia cheti kilichorekebishwa, kisha kuifuta wiki inayofuata. Kama gari limo kwenye hifadhidata ya kitaifa ya bima, MID, unaweza kuangalia mwenyewe. Na ukilipa kwa mwezi, usiruhusu malipo yakwame benki kwa kukosa fedha. Kampuni ikikufutia bima, utalazimika kulisema hilo kila unapoomba bima nyingine.

Gari lenyewe. Ingiza namba yake kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT (ukaguzi wa usalama wa gari), bure. Kila gari lililotimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na utaona lilianguka lini, kwa nini, na lilikuwa na maili ngapi. Maili zikirudi nyuma mwaka hadi mwaka, achana nalo. Onyo lilelile la tairi au kutu likijirudia miaka mitatu, mwenyewe hakuwa akilitunza. Barabara za huku hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo kutu ya chini ndiyo adui, hasa karibu na mihimili inayoshika springi. Ukaguzi mwingine wa kulipia hukuonyesha kama gari lina deni la mkopo, limeibiwa, au kampuni ya bima iliwahi kuliandika kuwa halifai kulipiwa matengenezo baada ya ajali. Alama S ni ajali iliyogusa mifupa ya gari, N haikugusa.

Ukifika kwa muuzaji, gusa boneti kabla ya kuwasha. Ikiwa ya moto, ameliwasha mapema, na huenda kuna mlio wa injini ikiwa baridi anaouficha. Fungua kifuniko cha oili uangalie utando mweupe mzito kwa ndani, dalili kwamba maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye oili. Kama ni la gia, vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu: injini izime mara moja. Ikiendelea kuunguruma, klachi imeisha. Dizeli la safari fupi fupi za mjini usinunue, kichujio chake cha masizi huziba. Ford Fiesta ya 1.0 EcoBoost yenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili inataka ushahidi wa matunzo. Bila karatasi, pita. Kama utaingia London, gari la petroli la Euro 4 (kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi) linakuepusha na tozo ya moshi ya pauni 12.50 kwa siku. Dizeli inatakiwa iwe Euro 6.

V5C inafanana na kadi ya gari ya nyumbani, lakini si uthibitisho wa umiliki. Inaonyesha anayelitunza tu. Linganisha namba ya chasisi iliyo chini ya kioo cha mbele na iliyoandikwa humo, anwani iwe ya nyumba uliyosimama, na upewe risiti. Ukinunua kwa mfanyabiashara una siku 30 za kurudisha gari lenye kasoro kubwa. Kwa mtu binafsi huna haki hiyo. Kodi ya barabara ya mwenye gari wa zamani haikufuati: lipia yako kwa namba iliyo kwenye kipande cha kijani cha V5C, baada ya kuwasha bima, kabla hujaligusa gari. Hata likiegeshwa tu barabarani linatakiwa liwe na vyote viwili.

La mwisho ni anwani, na nalisisitiza kwa sababu najua utahama vyumba. Ndani ya miaka miwili tangu kufaulu, pointi 6 za adhabu zinafuta leseni na unaanza upya na nadharia. Kushika simu ukiendesha ni pointi 6, na kuendesha bila bima ni 6. Na kamera ikikupiga picha kwa mwendo, barua inakwenda kwenye anwani ya V5C. Usipojibu ndani ya siku 28 kutaja nani alikuwa akiendesha, hilo peke yake nalo ni pointi 6. Kila unapohama, badilisha anwani mahali patatu siku ileile: leseni, V5C na bima. Kwa DVLA ni bure.

Dada yako