Kuhusu Rehema na baiskeli yake

Arusha

Mpendwa Mama Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa baba watoto. Huku sote wazima. Ujumbe wako nimeupata, ila sikutaka kukujibu juu juu, maana umeuliza jambo zito: mtoto wa kike anaweza kupata riziki kwa mbio za baiskeli, au umkataze mapema?

Anaweza, shoga yangu, ila njia yenyewe ina kona nyingi. Mtazame Kimberley Le Court wa Morisi, aliyezaliwa 1996. Alikwenda Ulaya angali binti, mambo hayakumnyookea, akaishia kwenye baiskeli za milimani Afrika Kusini. Mwaka 2023 yeye na Vera Looser wakashinda Cape Epic, mbio za wawili wawili. Angeweza kuridhika hapo. Akaomba tena nafasi ya barabarani, na 2024, akiwa na miaka 27, akajiunga na timu ya AG Insurance–Soudal ya Ubelgiji. Julai ya mwaka huohuo akashinda hatua moja, yaani mbio za siku moja, ya Giro d'Italia ya wanawake, zile mbio za siku nyingi za Italia, mjini L'Aquila.

Halafu zikaja mbio za siku moja za Ubelgiji, Liège–Bastogne–Liège, Aprili 2025. Zaidi ya kilomita 150 za kupanda na kushuka, na mwishoni wamebaki wanne. Mmoja wao ni Demi Vollering, aliyekwisha kushinda mbio hizo mara mbili. Kim akawapita wote kwenye mita za mwisho. Kabla yake hakuna Mwafrika, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kushinda mojawapo ya zile mbio tano kongwe za siku moja ziitwazo Monuments. Miezi mitatu baadaye akavaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza, ya Tour de France ya wanawake, akashinda na hatua ya tano, Guéret.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba katika Tour hiyohiyo alikuwa na kazi ya kumlinda mwenzake, Sarah Gigante, anayepanda milima vizuri kuliko yeye. Rehema akiingia timu, siku nyingi kazi yake itakuwa hiyo: kukinga upepo, kubeba chupa za maji, kumsogeza mwingine mbele. Na mshahara analipwa. Tangu 2020 timu za daraja la juu la wanawake zina kima cha chini. Kilianza na yuro 15,000 kwa mwaka na kimepanda tangu hapo.

Hatari zipo, sikufichi. Kwenye mteremko wanapita kasi ya gari, nao wamevaa kitambaa chepesi tu. Ndiyo maana nataka Rehema ajifunze kushuka na kufunga breki kabla ya kushindana na yeyote.

Mbio za dunia za Kigali, Septemba 2025, uliziona? Zilikuwa za kwanza kufanyika Afrika. Kile kilima cha mawe cha Kimihurura kiliwachambua magwiji, wakabaki wakitazamana nani aanze kufukuza, na taji la wanawake likaenda kwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wengi hawakumtaja asubuhi ile.

Basi usimkataze. Mwache amalize kidato cha nne huku akifanya mazoezi alfajiri, barabara ikiwa tupu, na asitoke bila helmeti. Nipimie urefu wake, na wa mguu kwa ndani kuanzia kinenani hadi kisigino, unitumie wiki hii. Kuna fundi hapa anauza fremu za mtumba, na sitaki tumnunulie kubwa.

Wako,
Mwanaidi