Kaka Shabani, kiwanja cha Pongwe hakiuzwi

Maidstone, Kent
20 Machi 2024

Kaka Shabani,

Shikamoo. Ramadhani karimu kwako, kwa shemeji na watoto wote, na Bi Mkubwa umfikishie salamu zangu kabla hujamsomea mengine. Mimi huku mzima. Baridi imeanza kulegea, kazi inaenda, usiku ndio mchana wetu na daku nakula nikiwa zamu. Alhamdulillahi, hayo yanatosha.

Nimeupata ujumbe wako wa sauti, na wa Mjomba Hemedi uliofuata, na ule wa Mwanahamisi ambao ulikuwa kilio kitupu. Kwenye kundi la familia sikujibu kwa makusudi, maana pale kila mtu ni kocha na kila mtu ni wakili. Nakuandikia wewe, mkubwa wangu, tena kwa maandishi, isije ikasemwa tena kwamba simu ilikuwa inakatika.

Milioni saba za huyo wakala anayemwahidi mwanao Idrisa majaribio ya mpira huku Uingereza sitatuma. Na kiwanja cha Pongwe, hapo Tanga, hakiuzwi ili zipatikane.

Sasa kasirika kidogo, kunywa maji baada ya magharibi, halafu uendelee kusoma. Umesema namwonea kijicho mtoto wa ndugu yangu. Neno hilo limeniuma, kaka, sitaficha. Idrisa nani alimfundisha kutumia mguu wa kushoto pale Chumbageni, jioni mpaka giza, wewe ukiwa kwenye biashara zako? Namjua ni beki mzuri wa kushoto. Anapanda, anarudi, krosi zake zina macho. Lakini mimi ndiye niliye Uingereza, na mpira wa huku nauona kwa macho, si kwa simulizi za wakala aliyevaa suti pale uwanja wa Mkwakwani.

Nianze na Mjomba, maana najua na yeye atasomewa. Muulize kama anaikumbuka Februari 2011, kibanda umiza cha kuonyesha mpira pale Ngamiani, Manchester United na Wolves. Manchester walikuwa hawajafungwa mechi 29 za ligi. Nani akafunga mapema kabisa, Mjomba akasimama kutuagizia soda ukumbi mzima. Soda hazijafika, beki mmoja mweusi, kifua kama mpakuzi wa bandarini, akaruka akasawazisha kwa kichwa. Doyle akaongeza la pili kabla ya mapumziko, na mpaka leo sijui zile soda alizilipa nani. Beki yule ni George Elokobi, mzaliwa wa Mamfe, Kameruni. Basi huyo ndiye kocha wa Maidstone United, timu ya mji huu ninaokaa. Nakaa mwendo wa miguu kutoka uwanjani kwake. Wapo wanaolipa nauli ya ndege kuja kuona mpira Uingereza, mimi navuka mto Medway tu.

Usidhani nakwambia habari za Ligi Kuu. Ligi Kuu ni ya kwanza, chini yake Championship, halafu League One na League Two. Ukishuka hapo kuna National League, ukishuka tena ndipo tulipo sisi, National League South, ngazi ya sita. Uwanja wetu unaingiza watu elfu nne na kidogo, nyasi ni za bandia, na ukisimama karibu na mstari unamsikia kocha anavyomkemea beki wake. Rangi zetu njano na nyeusi. Nina skafu yake, nimeivaa kwenye ile picha niliyotuma ambayo Mwanahamisi alisema nafanana na nyuki.

Tarehe 27 Januari mwaka huu timu hiyo ilikwenda kucheza na Ipswich, Kombe la FA, raundi ya nne. Ipswich walikuwa wa pili Championship. Kati yao na sisi zilikuwapo nafasi 98, kaka, zihesabu. Nilikuwepo. Tulikwenda zaidi ya elfu nne, basi nyuma ya basi. Wale jamaa walitushambulia tangu filimbi ya kwanza, mpira ulikaa kwenye lango letu kana kwamba umelipiwa kodi. Kipa wetu, Mbrazili Lucas Covolan, alidaka kila kitu. Karibu na mapumziko Lamar Reynolds akakimbia peke yake, kipa akatoka, akamwinulia mpira juu ya kichwa taratibu, taratibu, ukaingia. Wakasawazisha kipindi cha pili. Nikasema basi, sasa yatakuwa matano. Sam Corne akapiga la pili. Mzee mmoja wa Kizungu niliyekuwa simjui alinikumbatia akanimwagia chai yote kwenye koti, na sikujali, mimi ambaye unanijua kwa nguo zangu.

Timu ya ngazi ya sita kufika raundi ya tano haikuwa imetokea tangu Blyth Spartans mwaka 1978. Ushindi ule ulikuwa na zawadi ya pauni 120,000, karibu milioni mia nne za kwetu. Raundi ya tano tulikwenda Coventry. Ya Coventry sitaki kuyaeleza. Tano bila.

Sasa sikiliza njia aliyopita huyu Elokobi, kwa sababu wakala wenu anasema miaka miwili tu Idrisa yuko Ligi Kuu. Elokobi alikuja huku akiwa na miaka 16. Hakushukia Arsenal. Alianzia Dulwich Hamlet, timu ndogo ya kusini mwa London. Mwaka 2004 akachukuliwa na Colchester, wakampeleka kwa mkopo Chester. Colchester wakapanda Championship 2006. Januari 2008 ndipo Wolves wakamnunua, na mwaka huohuo goti likaharibika, msimu karibu wote akawa nje wakati wenzake wanachukua ubingwa wa Championship. Akacheza Ligi Kuu, akamfunga Mjomba Hemedi, halafu akaanza kuteremka ngazi: mkopo Nottingham Forest, mkopo Bristol City, kisha Oldham, akarudi Colchester, Braintree, Leyton Orient, Aldershot. Mwaka 2019 akafika hapa Maidstone, mchezaji na huku anafundisha. Januari 2023 timu inazama, wakamshikisha kwa muda. Machi wakampa kazi yenyewe. Na bado walishuka daraja! Hawakumfukuza. Msimu uliofuata ndio huu wa Ipswich, na safari ile ya kombe walianza tangu Septemba kwenye mechi za mchujo ambazo hata watu wa hapa hapa wengi hawakwenda kuziona.

Huyo ni aliyefanikiwa, kaka. Nguvu zile, nidhamu ile, ameshafika kileleni, na leo ana miaka 38 anafundisha ngazi ya sita na mji mzima unamheshimu. Mimi namwona ni bingwa. Nilimwona baada ya mechi moja ya hapa nyumbani akizunguka uwanja kupigia mashabiki makofi, mvua inanyesha, hana haraka, anamalizia upande wa watoto. Nilijisikia mwenyeji siku ile. Nilitamani Idrisa angekuwa begani kwangu kama zamani tulipokuwa tunakwenda kuiangalia Coastal Union.

Sasa ile barua ya wakala uliyonipigia picha. Nimeisoma nikiwa mapumziko ya kazini, nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona vumbi la meza yako. Inasema majaribio ni tarehe 1 Juni. Kaka, Juni mosi wachezaji wa huku wako likizo ufukweni, ligi imeisha Mei, uwanjani yupo mkata nyasi peke yake. Atajaribiwa na nani? Halafu jina la kupokelea hela kwenye simu si jina lililoko kwenye barua. Halafu jina la klabu limekosewa herufi, klabu gani isiyojua kuandika jina lake?

Na hata angekuwa wakala wa kweli, Idrisa ana miaka 16. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi kwenda nchi, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa shughuli zao zisizo za mpira. Wewe unahama? Na akifika 18, tangu 2021 mgeni anayetaka kusajiliwa na klabu za huku anapimwa kwa pointi na FA, chama cha mpira cha huku: umechezea timu ya taifa mara ngapi, ligi uliyotoka ina uzito gani, klabu yako imefika wapi. Pointi hizo haziuzwi Mkwakwani kwa milioni saba.

Mjomba atasema, mbona Samatta? Vizuri, tumzungumze Samatta. African Lyon, Simba, TP Mazembe kule Lubumbashi, Genk ya Ubelgiji, ndipo Januari 2020 Aston Villa. Akafunga kwa kichwa mechi yake ya kwanza ya ligi, pale Bournemouth, na mimi nililia kazini bila aibu. Lakini huko kote alikopita alikuwa analipwa yeye. Hakuna mahali baba yake aliuza kiwanja.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kiwanja, nikupe la mwisho kuhusu timu hii, ambalo Wazungu wa hapa wakilieleza sauti zao zinabadilika. Mwaka 1988 viongozi wa Maidstone waliuza uwanja wao wa London Road. Pakajengwa duka la samani. Wakawa wanachezea Dartford, mji mwingine, na mwaka uliofuata wakapanda ligi ya wakubwa, watu wakashangilia, wakasema mnaona? Kufikia Agosti 1992 fedha zimekwisha, wakajitoa kwenye ligi. Wakaanza upya kutoka chini kabisa na vijana wa mitaani. Kurudi kucheza ndani ya mji wao ilikuwa 2012. Miaka 24, kaka, timu ina jina la mji na haina pa kuchezea kwenye mji huo. Wazee wanaosimama karibu nami uwanjani wanaijua hiyo miaka mmoja mmoja.

Kiwanja cha Pongwe nilikinunua mimi. Silisemi kwa kujigamba, ingawa ni kweli. Nilikinunua ili Bi Mkubwa awe na pake na mimi nikirudi niwe na pangu, nisipange chumba kwa watu kwenye mji niliozaliwa. Lile suala la mabati nilishalisamehe, silirudii. Fedha za mabati zikageuka injini ya pikipiki, pikipiki ikageuka kesi, nikanyamaza. Ya mwaka juzi ya tangi la maji nayo nimenyamaza. Lakini Mjomba kumleta mnunuzi mpaka kwenye mpaka wa kiwanja, wanapima kwa hatua, na mimi nasikia kwa Mwanahamisi! Hilo halikupendeza hata kidogo.

Nitakalofanya ni hili. Ada ya Idrisa ya kidato cha tatu na cha nne nalipa yote mimi, moja kwa moja shuleni, usiniulize kwa nini moja kwa moja. Viatu vya mpira nimeshavinunua, vya nyasi za kawaida, vitakuja na mtoto wa Mzee Kombo anayerudi Idd. Aende akajaribu timu ya vijana pale nyumbani, acheze, aonekane, apate pasipoti yake halali kwa jina lake halali na umri wake halali. Usikubali apunguziwe miaka, kaka, na huyo wakala najua atalishauri hilo likifika wakati. Akifika 18 anacheza ligi ya kwetu na ameitwa timu ya vijana ya taifa, nitakuwa wa kwanza kupiga simu, na gharama za safari nitatoa bila kuombwa.

Futari nimeituma kwa Mwanahamisi leo asubuhi. Iko ya nyumba, iko ya Bi Mkubwa peke yake, na ya watoto wa marehemu Shangazi. Naomba siku moja mnifuturie tambi na mbatata mkiwa wote kwenye jamvi, mnitumie picha, na samaki wa soko la Deep Sea awepo. Huku nafuturu tende na supu ya kopo na Msomali mmoja tunayefanya naye zamu, mtu mzuri sana, lakini kopo ni kopo.

Mguu wa Bi Mkubwa unaendeleaje? Mwanahamisi ananiambia unaendelea vizuri kwa sauti ambayo siiamini. Akapigwe picha hospitali, nitalipa, na majibu nitumiwe mimi.

Hati ya kiwanja iko kwenye sanduku lake la mkaratusi, na funguo amenipigia simu kuniambia ameuhamisha. Mjomba asijisumbue kutafuta.

Mdogo wako,
Bakari