Kilomita kumi za Maisara

Mjini, Unguja
Januari 2024

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na Bi Mkubwa nisalimie sana. Sisi huku wazima, ila joto ndilo linalotutesa. Kaskazi mwaka huu inavuma asubuhi kidogo, mchana haionekani.

Nimeusoma ujumbe wako kuwa mmeitwa kwenye mbio za kilomita 10 huko Chake, Pemba, nawe unaona utaipoteza wiki ya mazoezi bure wakati marathoni ya Moshi, kilomita 42 nzima, inatusubiri mwisho wa Februari. Nenda. Mie za kwangu nimezikimbia Jumapili, na nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kucheka tu.

Tulianzia Maisara baada ya sala ya Alfajiri, tukapita Kilimani na Migombani hadi Kiembe Samaki, tukageuza. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikula wali kidogo, asubuhi tende na chai ya rangi, basi. Mazoezi ya wiki sikuyakata, niliyapunguza tu kuelekea mwisho, maana ukipumzika wiki nzima kwa ajili ya kilomita 10 utakuwa umeipa mbio ndogo heshima isiyo yake. Filimbi ilipolia vijana wakatoka kama waliofukuzwa na nyuki. Mie nikabaki nyuma na mabibi wa kikundi chetu, macho kwenye saa.

Kwenda nilitumia dakika 26 na sekunde 20. Kurudi upepo ulikuwa usoni, mtandio umelowa chepechepe umenigandia masikioni, namba ya kifuani imechomoka pini moja inapigapiga tu, na nikamaliza kwa dakika 25 na sekunde 37. Jumla 51:57.

Hizo namba mbili, ya kwenda na ya kurudi, ndizo nilizozifuata kule. Medali nimempa mtoto wa dada anachezea. Ningekwenda kwa 25 nikarudi kwa 27, jumla ingekuwa karibu ile ile lakini habari yake nyingine kabisa. Kurudi kwa kasi kuliko kwenda, na jua limeshaanza kupanda, na damu sehemu yake imekimbilia kwenye ngozi kupoza mwili badala ya kwenda miguuni, maana yake moyo umeyaitika mazoezi. Na usidhani nilikuwa natembea. Pale Migombani mama mmoja alinisalimia kutoka barazani, nikaweza kutoa "njema" moja tu. Ukiona unaweza kuuliza na habari za watoto, jua hushindani, unakwenda sokoni.

Sasa sikiliza tulipobishana. Mwalimu wa hesabu wa kikundini alitoa simu pale pale, jasho halijakauka, akanipigia hesabu. Kuna mhandisi wa Kimarekani, Pete Riegel, aliyetoa kanuni miaka ya 1970: umbali ukiongezeka, muda unaongezeka kwa kipeo cha 1.06, yaani umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa zaidi kidogo ya mara mbili. Kwa hiyo muda wako wa kilomita 10 ukiuzidisha kwa 4.6 unapata wa kilomita 42.195. Wa kwangu ukatoka saa 3 na dakika 59. Shoga, mabibi walipiga vigelegele utadhani nimeposwa! Chini ya saa 4!

Mie siichukui. Kanuni si ya uongo, lakini inamdhania mtu aliyekwisha kuuandaa mwili kwa umbali wote, na mie mbio zangu ndefu bado hazijafika kilomita 30. Kilomita 10 hazikufikishi pale sukari iliyowekwa kwenye misuli na ini inapoanza kukauka. Huko ndiko watu wanakoanza kutembea wameshika kiuno, na mtu aliyekimbia kilomita 10 vizuri anaweza kufika huko vibaya sana.

Tena kuna Moshi yenyewe. Mji uko zaidi ya mita 800 juu ya bahari, sisi tumezaliwa tunachezea pwani. Nusu ya kwanza wanakupeleka barabara ya Dar na kukurudisha, rahisi, unajiona hodari. Halafu ndipo wanapokugeuza uanze kupanda kwenda Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilomita baada ya kilomita ni mlima, na mwisho ndiyo ushuke. Huku Mjini mlima nitautoa wapi? Nipande ngazi za majumba ya Michenzani? Ndiyo maana nimejiwekea saa 4 na robo, mwendo wa dakika 6 kwa kilomita na atakayenipita apite. Mwalimu amenuna.

Lakini wewe Pemba milima unayo, na hapo ndipo ninapokuonea wivu. Kimbia hizo za Chake kama kipimo cha pumzi. Baada yake nenda polepole siku kadhaa, usiende mbio ndefu na miguu ambayo bado inauma ukishuka ngazi. Ikishatulia, rudi kwenye barabara yako ya Wete yenye vilima, pima kilomita 10 kwa simu na uzikimbie kwa juhudi ile ile. Tofauti ya muda wa Chake na wa vilimani ndiyo itakayokwambia Mweka itakukuta vipi, na hiyo kanuni haiijui. Nami unipe, maana nitaitumia kujikadiria.

Niandikie na ya kwenda na ya kurudi, usiniletee jumla peke yake. Na tiketi ya boti ya kuja Unguja ikate mapema, ulale kwetu kabla hatujavuka Dar kulitafuta basi la Moshi. Mama ameshauliza utakula nini, nimemwambia chochote kisicho na pilipili hadi tutakaporudi.

Wako,
shoga yako wa Mjini