Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya marehemu baba yetu

Bwana Yesu asifiwe.

Mama yetu, sisi watoto, wakwe na wajukuu tunawashukuru kwa dhati wote mliokuwa nasi tangu baba alipolazwa hadi tulipompumzisha. Si rahisi kumtaja kila mmoja. Madaktari na wauguzi, mchungaji na wazee wa kanisa, kwaya, majirani, wafanyakazi wenzetu, nanyi mliotuma rambirambi kutoka mbali: Mungu awabariki.

Ila shukrani zetu hazianzii msibani. Mama ametuagiza tuliseme hili waziwazi, maana baba mwenyewe alilisema mbele ya kanisa zima.

Wengi mlimfahamu enzi za neema: mzee wa kanisa, mweka hazina, nyumba haikosi wageni, na sala za mezani ndefu kuliko tulivyopenda sisi watoto. Kisha biashara ikayumba. Akagusa fedha za ujenzi wa kanisa, akiamini atazirudisha kabla hazijaulizwa. Hakuwahi. Akavuliwa uzee, akatengwa na Meza ya Bwana, na wageni wakaadimika. Alikuwa akikaa benchi la mwisho karibu na mlango; Meza ilipoandaliwa alitoka, akasimama nje ukutani mpaka wimbo wa mwisho.

Ndipo tunapowakumbuka watu ambao majina yao hayakusomwa siku ya mazishi. Yule mama wa kwaya aliyeacha nafasi yake akaja kukaa naye benchi lile. Wale wazee waliokuja nyumbani kusoma naye Neno, wala hawakuanza na habari ya fedha. Yule aliyempa kazi ya kuandika hesabu (ndiyo, hesabu!) huku watu wakimcheka. Kuja msibani kuna heshima yake, lakini kumtembelea aliyeanguka, watu wakikutazama, kunataka moyo.

Baba aliipenda sana habari ya Petro katika Injili ya Yohana. Alituonyesha kwamba moto wa makaa umetajwa mara mbili: sura ya 18, Petro akiota moto na kumkana Bwana, na sura ya 21, kando ya bahari, Bwana akimwuliza mara tatu kama anampenda. "Alimrudisha palepale penye moto," alikuwa akisema, na sauti ikimkatika.

Alilipa kidogo kidogo, kila malipo akiyaandika kwenye daftari. Siku aliyorudishwa kundini, kikombe kilimtetemeka mikononi hadi mchungaji akakishika pamoja naye. Uzee wa kanisa hakurudishiwa, wala hakuuomba. Alifagia kanisa Jumamosi, na kusema kweli tulimwona ana furaha kuliko enzi za cheo. Zaburi ya 51 iliyosomwa kaburini aliichagua mwenyewe, kwa ajili ya mstari wa 12: "Unirudishie furaha ya wokovu wako."

Ibada ya shukrani itafanyika Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Karibuni nyote.

Daftari lake tunalo. Deni la kanisa limekwisha na limetiwa sahihi, lakini kurasa za mwisho zina majina ya watu waliomkopesha wakati ule wa shida, na tumeanza kuwatafuta. Kama yupo anayemdai baba na hatujamfikia, tafadhali amwone kaka yetu mkubwa kabla ya siku hiyo.